Shajara ya mradi: Je, nyumba za Dar ziko tayari kwa IPv6?

Jumatatu, Kijitonyama

Tumeanza. Sisi ni watu wachache tunaofanya kazi za mitandao hapa Dar, kila mmoja na ajira yake, kwa hiyo mradi utakwenda jioni na mwisho wa wiki. Swali lenyewe ni hili: ukimfuata mtu nyumbani kwake Mbagala, Tabata au Sinza, ukatumia simu yake, ruta yake na bando analolipia mwenyewe, je, ukurasa uliowekwa kwenye anwani ya IPv6 pekee, mfumo mpya wa anwani za intaneti unaokuja kuchukua nafasi ya ule wa zamani, IPv4, utafunguka?

Hatuulizi kama simu ina uwezo. Hilo tunalijua. Windows inakuja na IPv6 ikiwa imewashwa tangu Vista ya mwaka 2007. Apple tangu Juni 1, 2016 haipokei kwenye duka lake programu inayoshindwa kufanya kazi kwenye mtandao wa IPv6 mtupu. Android zinazouzwa Kariakoo nazo zinayo. Tunachotaka kujua ni kinachotokea njiani, kati ya kiganja cha mtu na dunia, maana huko hakuna anayepima.

Kwa nini tusumbuke? IPv4 ina anwani bilioni 4.3 hivi kwa dunia nzima. Hazina kuu, IANA, iligawa mafungu yake ya mwisho Februari 3, 2011. Afrika tunahudumiwa na AFRINIC iliyoko Mauritius, na tangu Januari 2020 imo kwenye awamu ya mwisho ya kubana matumizi: kampuni ikiomba, inapewa anwani zisizozidi 1,024. Dar es Salaam peke yake, kwa sensa ya 2022, ina watu zaidi ya milioni 5.3. Hapo hesabu haiwezi kukaa sawa hata ufanyeje.

Ndiyo maana simu nyingi hazina anwani ya kwao. Mtu akiwa kwenye data, mara nyingi anwani ya simu yake inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Ni kama S.L.P. ya shule: barua za wanafunzi wote zinaingia sanduku moja, halafu kuna mtu wa kuzigawa. Ukiandika wewe kwanza, majibu yatakufikia. Mtu wa nje akitaka kuanza kukuandikia wewe binafsi, hana pa kuipeleka barua. Wakati huohuo India na Ufaransa, kwa vipimo vya Google, zaidi ya nusu ya watumiaji wameshahamia IPv6. Sitaki tuwe wa mwisho kwa sababu tu hakuna aliyekwenda kuangalia.

Jumatano, bado Kijitonyama

Kipimo kimekamilika. Ni ukurasa mdogo unaovuta picha ndogo kutoka kwenye majina matatu ya tovuti. Jina la kwanza lina anwani ya IPv4 tu, la pili la IPv6 tu, la tatu lina zote mbili. La kwanza likifunguka na la pili likagoma, nyumba haina IPv6. Yote matatu yakifunguka upesi, iko vizuri. La pili likigoma huku la tatu linachelewa, kuna kitu kimeharibika, na nyumba hizo ndizo ninazotaka kuziona kuliko zote.

Vivinjari vya siku hizi vinaficha ubovu. Vikiona jina lina anwani mbili, vinajaribu IPv6 kwanza, na isipojibu ndani ya takriban robo sekunde vinaanza na IPv4 pembeni. Utaratibu huo umependekezwa tangu 2012 na ukaboreshwa 2017. Kwa mtumiaji ni msaada mkubwa. Kwa anayepima ni pazia, kwa sababu mwenye nyumba atakwambia intaneti iko safi kabisa wakati nusu yake imekufa. Bila jina la pili usingegundua.

Kila kipimo kinatumia jina lililotungwa papo hapo, lisilowahi kuulizwa, ili jibu la jana lililohifadhiwa mahali lisitudanganye. Seva tumeiweka hapahapa Dar. Ingekaa Ulaya tungekuwa tunapima bahari badala ya nyumba, na Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja, kila mtu mjini aliona bahari inavyoweza kutufunga.

Mambo mawili tumekubaliana hayana mjadala. La kwanza, kipimo kizima kiwe chepesi, kilobaiti chache tu. Watu wananunua bando la siku kwa kujibana, hatuwezi kuwamalizia. La pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023 na anwani ya mtu ni taarifa yake. Tunaomba ridhaa kwa Kiswahili cha kueleweka, tunahifadhi tarakimu za mwanzo za anwani tu, zile zinazoonyesha mtoa huduma, na zilizobaki zinafutwa kabla hazijaandikwa popote.

Jumamosi, Sinza

Siku ya simu. Dada mwenye saluni alitukubalia tukae kwenye benchi lake na kupima simu za wateja wanaosubiri. Nilidhani watatukimbia, kumbe kila mtu anataka kujua kwa nini bando linakwisha. Tuliwaeleza kwamba sisi si watu wa bando, lakini walipima hata hivyo.

Kilichojitokeza pale nakiandika kwa kirefu kidogo. Simu mbili, laini za kampuni moja, zimelala kwenye meza moja. Ya kwanza imepata anwani inayoanza na 2c0f, yaani imetoka kwenye fungu kubwa la AFRINIC, na majina yote matatu yamefunguka. Ya pili haina kitu. Mnara ni uleule, kampuni ni ileile, saa ni ileile.

Mwenye simu ya pili alisema aliinunua ikiwa imetumika, imetoka nje, na intaneti ilikataa mpaka fundi wa simu alipomwekea. Tukafungua mipangilio, tukaingia kwenye laini, sehemu ya APN, yaani jina la lango ambalo simu inapitia kuingia kwenye intaneti ya kampuni. Fundi alikuwa ameandika APN kwa mkono na kazi yake ilikuwa nzuri, data inatembea. Lakini ukishuka chini kuna mstari wa Itifaki ya APN, na usipougusa unabaki IPv4. Tukabadilisha ukawa IPv4/IPv6, tukazima na kuwasha data. Anwani ya 2c0f ikaja hapohapo.

"Sasa itakuwa na spidi?" akauliza.

Nikamwambia ukweli: leo hataona tofauti. YouTube, Facebook na Wikipedia zinapatikana kwa njia zote mbili, kwa hiyo zitampitisha kokote. Faida yake ni kwamba hategemei tena sanduku la pamoja kwa kila kitu. Akasema basi iache hivyohivyo, haimdhuru.

Nimeweka alama kwenye daftari: mafundi wa simu ni watu wa kuongea nao. Mstari mmoja wakiujua, simu nyingi zitarekebishwa bila mradi wala semina. Hata tukizunguka vipi hatutaufikia mkono wa fundi mmoja wa Kariakoo.

Jumapili, Tabata

Nyumba yenye faiba. Huku nilitarajia mambo mepesi, lakini ndiko tulikokaa mpaka magharibi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, karibuni. Lakini msije mkaizima hiyo intaneti, kuna mtu anasoma ndani."

Kabla ya kugusa chochote tukahifadhi mipangilio yote ya ruta kwenye faili, ili mambo yakiharibika turudishe yalivyokuwa. Sharti hili sasa ni la kila nyumba. Mtoto ana mtihani, huwezi kumkatia njia kwa ajili ya utafiti wako.

Ruta inakaa juu ya kabati la vyombo, nenosiri liko kwenye karatasi iliyobandikwa chini. Ukifungua ukurasa wake wa hali, upande wa nje unaona anwani nzuri ya IPv6. Kampuni imeleta. Lakini simu na kompyuta za ndani zote zina anwani inayoanza na fe80 tu, ile ambayo kifaa hujipa chenyewe kwa kuongea na jirani zake humohumo ndani. Haivuki mlango.

Ugonjwa tuliukuta kwenye menyu ya tatu. Ruta imeomba anwani yake yenyewe na kusahau kuomba fungu la kugawia nyumba. Kwenye IPv4 hilo si tatizo, anwani moja ya nje inatosha na za ndani ni zilezile 192.168 za kila mtu. IPv6 haikujengwa hivyo. Nyumba inatakiwa ipewe fungu lake lote, na tangu 2011 waandishi wa viwango wanashauri mteja wa nyumbani apewe zaidi ya mtandao mmoja. Watoa huduma wengi duniani hutoa fungu la ukubwa unaoandikwa /56, ambalo linatosha mitandao 256 ndani ya nyumba moja. Hapa kampuni ilikuwa inatoa, ila kisanduku cha kuomba hakikuwa kimewekwa tiki. Tukaweka.

Kompyuta ya Windows ikapata. Simu hazikupata.

Mama akawa anatuangalia kama mafundi wa bomba waliofungua maji jikoni yakatoka bafuni. Lakini sababu inajulikana, na inastahili kuandikwa kwa sababu tutaikuta tena. Ruta ilikuwa imepangwa kugawa anwani kwa DHCPv6 peke yake, yaani kila kifaa kiombe na kupewa anwani yake na ruta. Windows inachukua kwa njia hiyo. Android haichukui, yenyewe inasubiri tangazo la ruta lenye fungu la nyumba, kisha inajitungia anwani. Tulipowasha tangazo hilo, simu zote sebuleni zikapata anwani bila mtu kuzigusa, na majina matatu yakafunguka kwenye kila moja.

Hebu fikiria mtu wa kawaida anajuaje haya. Kifaa chake kina uwezo, kampuni yake imeshalipia na kuleta, na katikati kuna tiki mbili kwenye menyu ya Kiingereza ambayo hajawahi kuambiwa ipo. Halafu kwenye mikutano tunasema wateja hawako tayari. Mama huyu alikuwa tayari siku ya kwanza alipofungiwa faiba. Aliyefunga hakumaliza kazi.

Jumanne

Umeme umekatika jioni nzima, seva imebaki kwenye betri, hatukupima. Tumetumia muda kuandika upya ombi la ridhaa ili likae kwenye kioo kimoja cha simu ndogo.

Alhamisi, Mbagala

Kaka mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi na amefunga kamera nne. Anachotaka ni kitu kimoja: akiwa safarini afungue simu aone duka lake. Fundi wa kamera alijaribu kumfungulia njia kwenye ruta ikashindikana, akaambiwa ruta mbovu, akanunua nyingine, ikashindikana vilevile. Ruta zote mbili hazina kosa lolote. Anwani yake ya nje iko kati ya 100.64 na 100.127, yumo ndani ya sanduku la pamoja la kampuni, na mlango wa kufungua hauko nyumbani kwake. Amebaki kutegemea seva ya mtengenezaji wa kamera, iliyo mbali, na picha zinazunguka huko kwanza ndipo zimrudie. Pesa ya ruta ya pili ilipotea bure, na iliniuma kumweleza.

Nyumba ya namna hii ndiyo inayohitaji IPv6 kweli. Kila kamera ingekuwa na anwani yake inayofikika.

Inayofikika na nani, hilo ndilo lililotuweka tukibishana njia nzima ya kurudi. Sanduku la pamoja, kwa bahati tu, linazuia pia wageni wasioalikwa. Ukiliondoa bila kuweka mlinzi, kamera yenye nenosiri la kiwandani inakaa barabarani uchi. Anwani za IPv6 ni nyingi mno kuzipekua moja moja, hilo linasaidia, lakini anwani huvuja kwa njia nyingine na si kinga ya kutegemea. Ruta nzuri inatakiwa izuie kila kinachoanzia nje mpaka mwenye nyumba aruhusu.

Mwenzangu anasema usalama si sehemu ya utayari, tupime njia tu. Mimi sikubali. Tukimwambia mtu "uko tayari" halafu vifaa vyake viko wazi, tumemdanganya. Tumeongeza hatua ya nne: kwa ridhaa, seva yetu inabisha hodi kwenye anwani ya kifaa kilekile kilichofungua ukurasa. Kikiitika, tunamwambia mwenye nyumba palepale na kumwonyesha pa kuzuia. Majibu ya hodi hayahifadhiwi kabisa.

Jumamosi, Kigamboni

Leo nimepata nyumba niliyokuwa naitafuta tangu Jumatano ile.

Mtoa huduma mdogo wa eneo anawafikishia intaneti kwa antena ya paa. Mwenye nyumba, mzee mstaafu, analalamika kwamba baadhi ya kurasa zinafunguka na nyingine zinaganda: mshale unazunguka, hakuna kosa linaloandikwa, hakuna kinachokuja. Mjukuu wake alizima IPv6 kwenye kompyuta baada ya kusoma mahali, tatizo likaisha. Kwenye simu halikuisha kwa sababu huko hakuna pa kuzima.

Jina letu la pili lilifunguka. Picha ile ni ndogo mno, inaingia kwenye pakiti moja, yaani kifurushi kimoja cha data. Kwa kipimo chetu cha wiki ya kwanza nyumba hii ingeandikwa kwamba iko tayari. Mzee alikuwa amekaa mbele yetu akisema haiko, na niliyemwamini ni mzee.

Tukaanza kutuma pakiti za ukubwa tofauti. Ya baiti 1,280 inapita, na ni lazima ipite, hicho ndicho kiwango cha chini ambacho IPv6 inadai kila njia ikibebe. Ya 1,480 inapita. Ya 1,500 inapotea kimya.

Baiti 20 zilizokosekana zinasema kisa chote. Mtoa huduma anapitisha IPv6 ndani ya mrija wa IPv4, na kichwa cha pakiti ya nje kinakula baiti 20. Hilo si kosa. Kosa ni kwamba kwenye IPv6 vifaa vya njiani haviruhusiwi kukata pakiti kubwa vipande kama ilivyokuwa zamani. Vinatakiwa kuitupa na kumrudishia aliyetuma ujumbe kwamba ni kubwa mno, apunguze. Ujumbe huo unasafiri kwa ICMPv6, njia ambayo vifaa vya mtandao hupashana habari za makosa, na mahali fulani njiani mtu ameziba ICMPv6 yote kwa kudhani anaimarisha usalama. Aliyetuma haambiwi, anatuma tena pakiti ileile, inapotea tena.

Na hapa kivinjari hakisaidii. Salamu ya kwanza ni pakiti ndogo, inapita, kivinjari kinaamini IPv6 ni nzima na kinaacha kujaribu IPv4. Halafu seva inaleta cheti chake cha usalama, ambacho ni kizito, na ndipo kila kitu kinakwama. Hofu ya watu waliokwama namna hii ndiyo iliyozifanya tovuti kubwa duniani zijaribu kwanza kwa siku moja tu, Juni 8, 2011, kabla ya kuwasha moja kwa moja Juni 6, 2012. Walikuwa sehemu ndogo sana ya watumiaji. Lakini mzee huyu si sehemu ndogo ya kitu. Ni mtu aliyeshindwa kufungua ukurasa wa mafao yake.

Tumepanga ruta yake itangaze ndani ya nyumba kwamba kikomo ni 1,480. Vifaa vinatii tangazo hilo, na vinapoanza mazungumzo vinaiambia na seva isizidishe. Kurasa zikafunguka. Tumempigia mtoa huduma, akasikiliza vizuri, akataka tumtumie vipimo. Tumetuma usiku huohuo.

Jumatatu, Kijitonyama

Kipimo kimebadilika: picha ya jina la pili sasa ina jozi yake kubwa, ya kilobaiti kadhaa, ili pakiti zijae. Inaongeza gharama kidogo kwenye bando la mtu lakini bila hiyo tunaandika uongo. Nyumba zote zilizopimwa kabla ya leo zitapimwa upya kabla ya kuhesabiwa.

Tumesafisha pia majibu ya simu zenye VPN, programu inayopitisha intaneti ya mtu kwenye seva ya mahali pengine. Nyingine zinapitisha IPv4 tu na kuificha IPv6 nzuri iliyopo. Nyingine zinaonyesha IPv6 ya Ulaya wakati nyumba haina kitu. Sasa anwani isiyo ya mtoa huduma wa hapa inawekwa kando na mtu anaombwa azime VPN na kurudia. Kompyuta kuukuu zenye anwani zinazoanza na 2001:0 au 2002 nazo tunazitenga. Hizo ni njia za muda za zamani, Teredo na 6to4, hazihesabiki kuwa huduma.

Matokeo tutayaandika kwa aina ya nyumba na mahali ubovu ulipo: kwenye kifaa, kwenye ruta, au kwa mtoa huduma. Sitaki jedwali la ndiyo na hapana. Jedwali la namna hiyo lingemweka mama wa Tabata na kaka wa Mbagala safu moja, na wanahitaji vitu viwili tofauti kabisa.

Kazi za wiki hii: karatasi ya ukurasa mmoja kwa mafundi wa simu kuhusu mstari wa Itifaki ya APN, na nyingine kwa wafungaji wa faiba, yenye tiki mbili za ruta na namna ya kuhakikisha wageni wamezuiwa. Zote kwa Kiswahili, na picha za menyu zenyewe. Jumamosi tunaanzia Kigamboni kabla ya kwenda Ukonga, kwa sababu mtoa huduma amesema anafungua ICMPv6 upande wake. Tukikuta ujumbe unarudi, tutaiondoa 1,480 kwenye ruta ya mzee na kupima na simu yake ileile.